Ubongo wa Kijana Bado Unavikwa Ganda



Wiki iliyopita, tulipomaliza somo la malaria, mzee mmoja alibaki nyuma. Ana kijana wa miaka 16. Kijana huyo ni hodari wa hesabu kuliko baba yake, na jembe analishika vizuri. Lakini usiku mmoja alichukua pikipiki ya jirani bila ruhusa, kwa sababu wenzake walikuwa wanamtazama, akaiingiza mtaroni. Baba anataka kumfukuza nyumbani. Alituuliza hivi: "Walimu, huyu ni mjinga, ana kiburi, au ana shetani?" Tulimwomba asubiri wiki moja. Leo tunajibu, na mzee yupo hapa.

Hebu tuanze na kichwa cha mbuzi. Aliyewahi kukipasua kwa ajili ya supu ameona kwamba ubongo una rangi mbili. Juu ni kijivujivu, ndani ni mweupe. Ubongo wetu nao ni hivyo hivyo. Ile sehemu ya juu tuiite gamba la ubongo. Ni jembamba, milimita 2 mpaka 4 tu, lakini ndilo tunalofikiria nalo na kupanga mambo ya kesho. Na ule weupe wa ndani ni nini? Kwa sehemu kubwa ni mafuta.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye somo lenyewe. Ubongo una chembe hai nyingi mno, na chembe hizo zina nyuzi nyembamba za kupelekea habari kwa chembe nyingine. Uzi ukiwa mtupu, habari hutambaa. Ukivikwa ganda la mafuta, habari hukimbia. Ganda hilo huitwa mayelini. Mtaalamu wa Kijerumani, Rudolf Virchow, ndiye aliyelipa jina mwaka 1854. Wengi mmeona waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Mfano huo unafaa, ila mayelini ni vipande vipande, na kati ya kipande na kipande pana mwanya mdogo. Habari huruka kutoka mwanya hadi mwanya, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Katika mishipa ya fahamu ya mwili, uzi mtupu hupeleka habari kiasi cha mita 1 kwa sekunde. Uzi mnene wenye ganda unaweza kufikia mita 100.

Mtoto hazaliwi na ganda lote. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Paul Flechsig wa mji wa Leipzig, Ujerumani, alichunguza bongo za watoto waliofariki. Aliona kwamba sehemu zote hazivikwi pamoja. Zinazotangulia ni zile za kuona, kusikia, kugusa na kuongoza viungo. Zile za kuunganisha mawazo huja nyuma. Sehemu ya mbele, hapa ndani ya paji la uso, ni miongoni mwa zile za mwisho kabisa. Na hiyo ndiyo inayotusaidia kujizuia na kupima matokeo kabla ya kutenda!

Mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza walitoa matokeo ya kupima bongo za vijana 297, wenye umri wa miaka 14 hadi 24. Hawakupasua mtu; walitumia mashine yenye sumaku kubwa, inayopiga picha za ndani ya kichwa. Waliona mayelini ikiongezeka katika gamba la ubongo miaka yote hiyo. Sehemu za kuunganisha mawazo, ambazo katika umri wa miaka 14 zilikuwa na mayelini kidogo, ndizo zilizoongeza kwa kasi zaidi. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2012, ulilinganisha binadamu na sokwe. Sokwe akifikia umri wa kuzaa, kazi ya kuvika ganda imekwisha. Sisi huendelea nayo hata kupita miaka 20, kuelekea 30. Kwa hiyo mtoto wetu huota ndevu wakati ndani bado kuna mafundi.

Mzee wetu, tunakuona unatikisa kichwa. Unataka kusema, basi hana kosa? La, kosa lipo, na pikipiki ya watu imevunjika. Mayelini siyo hati ya msamaha, wala siyo sababu pekee ya matendo ya vijana. Wako wengi wa umri huo huo ambao hawagusi pikipiki ya mtu. Lakini ukimfukuza unamhukumu kana kwamba amekwisha kuwa vile atakavyokuwa, na hilo si kweli.

Tena, mayelini inahusika na kujifunza. Mwaka 2014 watafiti wa London walieleza habari za panya waliokimbizwa juu ya gurudumu lenye vijiti vilivyopangwa ovyo. Panya waliozuiwa wasitengeneze chembe mpya za mayelini hawakuimudu kazi hiyo kama wenzao. Panya si mtu, lakini sisi tunaona hapo sababu nzuri ya kumpa kijana ufundi wa kurudiarudia kila siku. Pombe nayo tuitaje: vijana wanaokunywa sana, sehemu nyeupe ya ubongo wao imeonekana kukua polepole kuliko ya wenzao. Na chembe zinazotengeneza mayelini zinahitaji madini ya chuma. Wasichana waliokwisha vunja ungo hupungukiwa nayo kwa urahisi. Basi dagaa, maini na maharage yasiishie kwenye sahani ya baba.

Mama mmoja hapa mbele anauliza: na sisi tulioanza kusoma tukiwa na mvi? Mama, mwaka 2009 ilichapishwa habari ya wapiganaji wa zamani wa msituni huko Kolombia. Waliweka silaha chini, wakajifunza kusoma wakiwa watu wazima. Walipolinganishwa na wenzao wasiojua kusoma, walikuwa na sehemu nyeupe zaidi katika daraja linalounganisha ubongo wa kulia na wa kushoto. Kwa hiyo usifunge daftari.

Haya mzee, turudi kwa kijana. Jirani tumezungumza naye. Amekubali kijana amfyatulie matofali mpaka deni liishe, tena mchana, siyo usiku na wenzake. Lililobaki ni wewe kumfungulia mlango leo jioni.