Kombe Bila Daftari: Mashindano ya Mtoano na Klabu za Nyanda za Juu Kusini
Mada kwa semina ya walimu wa michezo na viongozi wa klabu, Igawa



Nimeombwa nieleze historia ya mashindano ya kombe kwa klabu za ukanda wetu. Ya ligi tunayo kichwani: Tukuyu Stars mabingwa wa bara 1986, Mbeya City kupanda 2013 na kumaliza wa tatu msimu huohuo wa kwanza. Kombe ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu timu inayotolewa hatua ya mwanzo haiachi hata mstari kwenye msimamo. Imefungwa, imepanda gari, imerudi nyumbani.

Nianze na kombe tunalolijua wote hapa, kombe la mbuzi. Siku ya fainali mbuzi hufungwa nyuma ya goli tangu saa nane. Mechi ikianza saa kumi amekwisha maliza nyasi zote alizoweza kuzifikia, na anamkodolea kipa macho kama mwamuzi wa akiba. Filimbi ya mwisho ikilia, nahodha anashika kamba, mbuzi anakataa kutembea, watoto wanamsukuma kwa nyuma. Saa tatu usiku yuko kwenye sufuria. Sisemi ni zawadi mbaya, mimi mwenyewe nimekula ushindi wa namna hiyo mara mbili. Ila kesho yake ukiuliza nani alifunga, nusu ya kijiji inasema huyu, nusu inasema yule. Kombe limeliwa, na hakuna aliyeandika.

Hapo wenzetu wa kriketi wametuzidi. Mchezo huo haukuota mizizi vijijini kwetu. Umekaa zaidi mijini, kwa muda mrefu mikononi mwa Watanzania wenye asili ya India. Lakini mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilipochezwa Uingereza, kulikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, na ndani yake Watanzania wawili, Praful Mehta na Shiraz Sumar. Walicheza mechi tatu, wakapoteza zote. Tarehe 14 Juni, mjini Birmingham, Uingereza waliwatoa wote kwa mikimbio 94. Timu yenyewe haipo tena, jina lake limekwisha. Hata hivyo mtu yeyote leo anaweza kujua nani alipiga ngapi siku ile, kwa kuwa katika kriketi kuna mtu kazi yake ni kukaa pembeni na kuandika kila mpira unaorushwa. Timu ilifungwa vibaya, na zaidi ya miaka 50 baadaye bado inasomeka.

Sasa turudi kwenye soka. Bara tulikuwa na Kombe la Nyerere, ambalo lilififia. Msimu wa 2015/16 shirikisho la soka la taifa, TFF, lililirudisha shindano la mtoano kwa udhamini wa Azam, likaitwa Kombe la Shirikisho la Azam, na siku hizi linabeba jina la Benki ya CRDB. Bingwa anapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Utamu wake kwetu ni kwamba linafungua mlango kwa timu za madaraja ya chini, na kwa miaka mingi fainali yake imekuwa ikitembezwa mikoani: Dodoma 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020, Kigoma 2021. Ile ya Sumbawanga, Simba walipoifunga Namungo 2-1 katika Uwanja wa Nelson Mandela, ndiyo iliyotukaribia kuliko zote. Basi la Dar kwenda Sumbawanga kwa njia ya Iringa na Mbeya linapita hapa hapa Igawa.

Klabu ya kwetu iliyokaribia kulishika kombe lenyewe ni Lipuli ya Iringa, Wanapaluhengo. Mei 2019, kwenye nusu fainali, waliipiga Yanga 2-0 Uwanja wa Samora. Fainali ikachezwa Ilulu, Lindi, safari ya kutoka milimani mpaka pwani, na klabu ya Azam ikashinda 1-0. Msimu uliofuata Lipuli wakashuka daraja. Miezi kumi na mitano hivi inatenganisha kilele na shimo. Nimejaribu kupata kwa wanaoikumbuka siku ile ya Samora orodha ya wachezaji wa akiba. Kila mmoja alinipa orodha yake, na zote zilikuwa tofauti.

Halafu kuna Ihefu, na hapa naomba mnivumilie, maana ni habari ya wilaya yetu ya Mbarali. Jina limetoka kwenye ile ardhioevu ya Usangu inayoulisha Ruaha Mkuu. Uwanja ni Highland Estates, Ubaruku, katikati ya mashamba ya mpunga. Walipanda Ligi Kuu 2020, wakashuka, wakarudi 2022. Tarehe 29 Novemba mwaka huo Yanga walikuja Ubaruku wakiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa. Walitangulia kupata bao. Never Tigere akasawazisha, Lenny Kissu akaongeza, mechi ikaisha 2-1. Oktoba 2023 Yanga wakarudi, wakafungwa tena 2-1 palepale. Hizo ni mechi za ligi, najua, lakini watu wa huku wanazisimulia kama fainali, nami sina ubavu wa kuwabishia.

Msimu huohuo wa 2023/24, ukiwa bado haujaisha, timu ilihamia Singida. Kwenye kombe ilifika nusu fainali kwa jina la Ihefu, ikatolewa na Yanga Arusha kwa bao moja la muda wa nyongeza. Kisha jina likabadilishwa, ikawa Singida Black Stars. Juni 2025 ikacheza fainali New Amaan, Zanzibar, ikafungwa na Yanga 2-0. Kwa hesabu ya makaratasi ni klabu moja. Kwa hiyo, ndugu zangu, timu iliyozaliwa Mbarali imecheza fainali ya kombe la taifa, na jina la Mbarali halikutajwa.

Fainali ile niliitazama kwenye kibanda umiza, benchi la mbao, joto la bati. Mzee aliyekaa mbele yangu hakuwahi kutamka Singida. Kila mpira ulipopotea alipiga goti lake kwa kiganja: "Ihefu, tulieni! Ihefu, rudisheni nyuma!" Vijana walicheka kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili wawili wao walikuwa wanasema kama yeye.

Kwenye meza ya usajili nimeweka kaunta buku nne, moja kwa kila tarafa na ziada. Ukurasa wa kwanza nimeupigia mistari: tarehe, uwanja, timu, waliofunga na dakika, mwamuzi, zawadi. Hata kama zawadi ni mbuzi, aandikwe. Kabla ya chai naomba kila klabu ijaze fainali yake ya mwisho inayoikumbuka, na wapinzani wao wa siku hiyo, kama wamo ukumbini, waisome kabla haijatiwa sahihi.