MAZUNGUMZO YA KATIBU: TUVIHESABU VIJIDUDU KABLA HAVIJATUANGUSHA

Ndugu wanaushirika, akina mama na akina baba,

Mavuno ya mpunga yamefika na masufuria yatakwenda shambani. Tumeona tuseme juu ya chakula hicho, maana mtu akiharisha siku moja, siku hiyo mpunga wake unavunwa na ndege.

Vijidudu, yaani bakteria, hatuvioni kwa macho, lakini mwendo wake unajulikana. Vinataka mambo manne: chakula, maji, joto na muda. Vikivipata vyote, vingine huongezeka mara mbili kila dakika 20. Haya, tupige hesabu. Saa 1 asubuhi kipo kimoja. Saa 2 viko 8. Saa 3 viko 64. Saa 4 viko 512. Ikifika saa 8 mchana vimepita milioni 2! Na huku kwetu, Kilosa mpaka Mikumi, joto halikosekani.

Lakini ukiondoa jambo moja tu, vinakwama. Mahindi makavu yanakaa kwa kuwa hayana maji. Samaki wa chumvi anakaa kwa kuwa chumvi inavinyima maji. Mtindi wa ndugu zetu wafugaji unakaa kuliko maziwa mabichi kwa sababu ya uchachu wake.

Joto nalo lina mipaka. Vijidudu vingi vinavyotudhuru hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Jokofu shambani hatuna, moto tunao.

Wengine watasema: wali wa asubuhi tutaupasha. Hapana, ndugu! Kipo kijidudu cha wali ambacho mbegu zake hustahimili kupikwa, na sumu yake haiondoki kwa kupasha.

Basi tufanye hivi:

1. Chakula kipikwe karibu na saa ya kula. Kikiiva, kiliwe kabla ya saa mbili kupita, au kikae motoni.
2. Maji ya kunywa yachemshwe. Tukumbuke kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kikafika mpaka mkoa wetu wa Morogoro. Ndimu si badala ya kuchemsha.
3. Mikono ioshwe kwa sabuni, mpishi na mlaji.

Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika kwenye redio kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya. Somo lile halijazeeka.

Ushirika ni nguvu, na nguvu ni afya!

Katibu