Kazi ya Wakili ni Kutunza Amana

Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Maungu



Barua ya Katibu ilitutaka tueleze mambo mawili: njia anayoipita kijana mpaka awe wakili, na mafunzo tuliyoyapata sisi tunaosimama mbele ya mahakimu wa Voi na Mombasa kuwasemea watu. Tutajitahidi kusema kwa ufupi, kwa maana twajua ya kuwa baada yetu itasomwa hesabu ya fedha, na hesabu ndiyo mnayoingojea.

Kabla ya kusema wakili ni nani, yafaa tukumbuke maisha ya mtu asiye naye. Kutoka hapa Maungu mlima Kasigau unaonekana. Mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, watu wa mlima ule walishukiwa kuwa wanawasaidia Wajerumani. Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwao ikawapeleka Malindi, nao wakakaa huko miaka mingi, wengine wasirudi kamwe. Hapakuwa na wakili aliyesimama kuuliza: Ushahidi uko wapi? Nani aliyewaona? Mtoto mchanga naye amekosa nini?

Tena mnazo habari za Chama cha Vilima vya Taita, kilichoanzishwa mwaka 1939 na watu kama Woresha Mengo, kutetea ardhi ya Wataita. Wale wazee walifanya mikutano, wakaandika malalamiko yao, wakayapeleka kwa wakubwa. Mwaka 1940 Serikali ilikipiga marufuku chama hicho, na viongozi wake wakafungiwa mbali na kwao. Neno lao halikuwa na kosa. Walilokosa ni mlango wa kulipitishia.

Mlango huo ulichelewa kufunguka kwa Mwafrika wa Kenya. Mtu aliyetaka kuwa wakili ilimlazimu kuvuka bahari mpaka Uingereza, na wachache sana walipata nauli wala ruhusa. Chiedo Argwings-Kodhek alikuwa mwalimu kwanza, kisha akasomea sheria Uingereza, akarudi mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawa Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili katika Kenya. Katika siku za Hali ya Hatari, wakati ambapo wengi waliogopa hata kutaja jina la mshitakiwa wa Mau Mau, yeye alisimama mahakamani kuwatetea watu waliokabiliwa na kitanzi. Alifariki mwaka 1969 katika ajali ya gari, akiwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje.

Na katika kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1952 na kuamuliwa Aprili 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano walitetewa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, akisaidiwa na mawakili wa Nairobi wenye asili ya Kihindi, kama A. R. Kapila na Fitz de Souza, na wengine waliotoka nchi za mbali. Kesi ile walishindwa. Lakini maswali waliyowauliza mashahidi yaliandikwa, nayo yangali yanasomwa hata leo. Ndilo fundisho letu la kwanza: wakili hakuahidi kushinda. Ameahidi ya kwamba neno la mtu wake litasemwa lote, litasemwa barabara, na litaandikwa.

Sasa njia yenyewe. Vijana, siku hizi hamna haja ya kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na kitivo cha sheria, cha kwanza katika Afrika ya Mashariki. Chuo cha Sheria cha Kenya kiliwekwa mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha sheria mwaka 1970. Leo kijana hupita njia hii. Kwanza apate alama nzuri katika mtihani wa sekondari, hasa katika lugha. Kwa maana chombo cha wakili ni maneno, kama vile randa ilivyo chombo cha seremala. Kisha asome shahada ya sheria miaka minne. Kisha aende Chuo cha Sheria cha Kenya kwa mafunzo ya kazi, afanye mitihani, na akae miezi sita kama mwanagenzi chini ya wakili mzoefu. Mwisho huapishwa mbele ya Jaji Mkuu, na jina lake huandikwa katika daftari la mawakili. Hata hapo hajamaliza, kwa sababu kila mwaka hana budi kuchukua cheti kipya cha kufanya kazi.

Wasichana nao wasidhani njia hii ni ya ndugu zao wa kiume peke yao. Effie Owuor alikuwa mwanamke wa kwanza katika Kenya kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 2021 Martha Koome aliapishwa kuwa Jaji Mkuu, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho.

Hiyo ndiyo njia ya vitabu. Tuliyojifunza baada ya vitabu ni haya.

Fundisho la tarehe twalieleza kwa aibu. Katika miaka yetu ya mwanzo alitujia mtu aliyegongwa na lori katika barabara hii kuu ya Mombasa. Mguu wake haukupona sawasawa, na kazi yake ya kuchimba mawe ilikoma. Tulimkaribisha, tukamsikiliza habari za maumivu yake, habari za hospitali, habari za watoto wake. Tulimwambia arudi na karatasi ya polisi. Hatukumwuliza ajali ilitokea tarehe gani. Yeye alikwenda kutafuta nauli, akatafuta karatasi, akarudi baada ya wiki nyingi. Tulipoifungua ile karatasi tukaona ya kuwa miaka mitatu, ambayo sheria inampa mtu aliyeumizwa kudai fidia, ilikwisha siku 11 nyuma. Siku ile alipokuja kwetu mara ya kwanza muda ulikuwapo bado.

Tulimweleza kweli. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Basi, nami nilidhani nimekwisha fika.” Hatujalisahau neno hilo. Tangu siku ile, mtu akiingia ofisini petu swali la kwanza ni tarehe, hata kabla ya kumwuliza jina la baba yake. Nanyi mkumbuke hesabu hizi: aliyeumizwa katika ajali ana miaka mitatu, anayedai deni la mapatano ana miaka sita, anayetaka kurudishiwa ardhi iliyochukuliwa ana miaka kumi na miwili, na anayetaka kukata rufani katika shauri la madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ana siku 30 tu. Mwenye kuumizwa na mtumishi wa Serikali muda wake ni mfupi zaidi, mwaka mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Fundisho la fedha ni fupi. Fedha ya mteja si ya wakili. Sheria yataka iwekwe katika akaunti ya mbali, isichanganywe na ya ofisi. Tumewaona wenzetu wenye akili kuliko sisi wakifutwa katika daftari la mawakili kwa kuazima fedha ya mjane “mpaka mwisho wa mwezi.” Mwezi ule haukuwa na mwisho. Kwa hiyo mkimlipa wakili, dai stakabadhi bila haya. Na wakili akikuambia, “Usinilipe kitu mpaka tushinde, kisha tugawane,” jueni ya kuwa mapatano hayo sheria imeyakataza.

Fundisho la tatu ni kujua shauri lipi lisiende mahakamani. Tumeshinda kesi za mipaka kati ya ndugu, tukapewa hukumu nzuri yenye muhuri, na wale ndugu hawakuzikana tena. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, yawataka majaji na mahakimu wahimize mapatano na njia za wazee. Shauri la mbuzi walioingia shambani, au la jiwe la mpaka lililosogezwa, wazee wakiweza kulimaliza chini ya mti na wakaliandika, heri nusu shari kuliko shari kamili. Lakini twawasihi, wazee wetu: mtoto aliyenajisiwa, au mke aliyejeruhiwa, hilo si shauri la kumalizwa kwa mbuzi. Hilo ni la polisi na la mahakama, na atakayelificha naye ana lake la kujibu.

Bwana Mwenyekiti, mtu atauliza: yote haya yatuhusu nini sisi wa Maungu? Yawahusu sana. Hifadhi za Tsavo, zilizotangazwa mwaka 1948, zimeshika zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu. Sehemu kubwa ya iliyobaki upande huu ni ya ranchi. Reli ya zamani na barabara kuu zimepita katikati ya mji. Mtu wa Maungu amekaa mahali pembamba, na mahali pembamba hapana budi pawe na karatasi. Wazee wa 1940 walikuwa na haki, lakini karatasi zilikuwa mikononi mwa wengine.

Kwa hiyo twaleta maombi mawili mbele ya mkutano. La kwanza, Chama kinunue sanduku moja la chuma na daftari moja. Kila mwanachama alete nakala ya hati ya ardhi, ya mapatano ya mauzo, ya barua ya ugawaji, na Katibu aandike tarehe aliyoipokea. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya wazee watano kwenda mahakamani Voi mara moja. Mali bila daftari hupotea bila habari. La pili, katika fedha ya elimu itakayosomwa sasa hivi, mtenge fungu, hata likiwa dogo, kwa kijana mmoja atakayesomea sheria. Nasi twaahidi kumpokea akifika katika miezi yake ya uanagenzi, tena bila kumtoza kitu.

Kijana huyo, ikiwa yumo humu ndani, twamwambia neno moja tu. Watu watakupa siri zao, hati zao, fedha zao na siku zao zilizobaki kabla muda haujakwisha. Vyote hivyo ni amana. Utakapokuwa wakili utasahau vifungu vingi vya sheria, navyo vitabu vipo vya kukukumbusha. Amana ya mtu haina kitabu cha kukukumbusha.

Sasa Mtunza Hazina na asome hesabu yake.