Posho na Moyo wa Kujitolea

(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Tunduma)



Tumeombwa kulizungumzia jambo ambalo kamati yetu imelijadili zaidi ya mara moja bila kufikia mwafaka: je, anayejitolea apewe posho, au posho huua moyo wa kujitolea?

Swali hili lina uzito wake hapa Tunduma. Mji wetu ni lango la kuingilia Zambia. Malori hupanga foleni usiku na mchana, na ng'ambo ya mpaka ipo Nakonde. Hapa kubeba mzigo kuna bei, kubadili fedha kuna bei. Wala si aibu, kwani ndivyo watu wanavyowalisha watoto wao. Kijana aliyekulia katika mji wa namna hii akiuliza atapata nini, hatuna haki ya kumshangaa. Wahenga nao walisema mkono mtupu haulambwi.

Lakini wahenga hao hao walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi huduma hiyo twaiita seva: kutenda lililo wajibu pasipo kuyatamani matunda yake, kama Bhagavad Gita inavyofundisha. Majirani zetu Waislamu na Wakristo nao wanaijua sadaka isiyotangazwa.

Na tuliseme kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tuliwapa vijana waliopanga viti na kubeba maji shilingi 5,000 kila mmoja. Kina mama waliopika tangu alfajiri hatukuwapa kitu, kwa kuwa hawakuomba. Mwaka uliofuata vijana waliuliza kiasi kabla ya kuuliza kazi, na baadhi ya kina mama hawakuja. Fedha ile ilikuwa ndogo, lakini iliwaambia watu kwamba kazi ya huyu ina thamani na ya yule haina.

Mwaka 1970 mtaalamu wa Uingereza, Richard Titmuss, aliandika kitabu juu ya utoaji wa damu. Aliilinganisha nchi yake, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani, ambako wengine waliiuza, akajenga hoja kwamba bei huweza kuifukuza hisani. Nasi Tanzania twachangia damu kwa hiari. Mchangiaji akipewa kinywaji cha kumrudishia nguvu, hakuna anayedhani kuwa soda ile ndiyo bei ya damu yake.

Kumwezesha mtu kujitolea, basi, si sawa na kumnunua. Dereva wa bodaboda akituachia siku nzima, bado anadaiwa hesabu na mwenye pikipiki. Mama atokaye Vwawa hulipa nauli. Tukikataa kuwarudishia gharama hizo kwa jina la utukufu wa seva, tutakuwa tumeifanya huduma kuwa anasa ya wenye maduka.

Tena zipo kazi zisizopasa kuitwa kujitolea. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipita nyumba kwa nyumba, wengi wao bila malipo ya uhakika. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu 137,294 katika miaka 5, wakipewa posho ya kila mwezi. Hatuoni kwamba moyo wao umeuzwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, nauli, chakula na hasara ya siku virudishwe kwa wote kwa haki, bila kungoja mtu aombe. Pili, afanyaye kazi ya kila siku, kama mlinzi na mfagiaji wetu, alipwe ujira kamili, asiambiwe kuwa anajitolea. Tatu, yaliyobaki yasiwe na bei, bali yawe na shukrani. Na sisi tuliojaliwa tushike ufagio pamoja na wengine. Huenda kijana akimwona mwenye duka anaosha masufuria, swali la posho likapungua lenyewe.