Paka na Sindano ya Kinga: Amana ya Mnyama Mzima Mkononi mwa Tabibu



Maudhui niliyoyachagua kwa mhadhara huu yaweza kuonekana madogo mbele ya hadhara iliyozoea kusikia habari za ng'ombe, za maziwa na za ndigana. Lakini paka, ambaye katika miji yetu ya pwani hulala barazani kwa tajiri na kwa maskini bila ya kuomba idhini ya yeyote, na ambaye kwa ajili yake Abu Huraira, sahaba wa Mtume, alipata lakabu iliyodumu kuliko jina lake, ni amana kama walivyo wanyama wengine; na aletwapo kwa tabibu akiwa mzima, ili adungwe sindano ya kumkinga na maradhi ambayo bado hayajamfika, amana hiyo huzidi uzito. Mgonjwa akidhurika kwa dawa, ugonjwa ulikuwa umekwisha kumtangulia. Mzima akidhurika kwa chanjo, madhara yametoka mikononi mwetu.

Nianze na yaliyo mepesi. Paka wengi wakichanjwa hawaonyeshi dalili yoyote. Baadhi yao hulegea kwa siku moja au mbili, hukataa chakula, huwa na homa kidogo, kisha hurudi katika hali yao. Huko Marekani, baina ya 2002 na 2005, paka 496,189 waliopewa dozi 1,258,712 za chanjo mbalimbali walifuatiliwa kwa siku 30 baada ya kuchanjwa, na waliopatwa na madhara ya namna yoyote ile walikuwa 2,560, yaani kiasi cha paka 52 katika kila 10,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa na ulegevu tu, wenye homa au usio na homa. Hesabu hiyo ilibainisha pia kuwa hatari huongezeka kadiri chanjo zinazotolewa kwa siku moja zinavyokuwa nyingi, jambo ambalo kila tabibu anayetaka kumaliza kazi zote kwa safari moja inampasa alitie maanani.

Wachache sana hupatwa na mshtuko wa mzio, nao kwa paka una sura yake: hutapika, huharisha, hujikuna uso kwa nguvu, pumzi humwia nzito, na asipopata adrenalini upesi huweza kufa. Jambo hilo aghalabu hutokea mapema sana, pengine katika dakika za mwanzo. Kwa hiyo tabibu amchanjaye paka kisha akamwacha mwenyewe aondoke naye papo hapo, pasipo kumweka kitambo chini ya macho yake, kwa maoni yangu hakuitimiza kazi yake.

Sasa nifike kwenye kadhia iliyonileta. Katikati ya miaka ya 1980 zilianza kutumika kwa wingi Marekani chanjo za paka zilizotengenezwa kwa virusi vilivyouawa, za kichaa cha mbwa na za lukemia ya paka. Na kwa kuwa virusi vilivyouawa haviamshi kinga kwa nguvu ya kutosha, nyingi katika chanjo hizo zilitiwa chumvi za alumini za kuuchochea mwili, zikawa zinadungwa chini ya ngozi. Wakati huohuo kichaa cha mbwa kilikuwa kikienea miongoni mwa rakuni wa majimbo ya mashariki, na jimbo la Pennsylvania likaweka sheria, iliyoanza kutumika 1987, ya kuwalazimisha wenye paka kuwachanja. Sheria ilikuwa njema na haja yake ilikuwa bayana.

Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikuwako Mattie Hendrick na Michael Goldschmidt, ambao kazi yao ilikuwa kutazama kwa hadubini vipande vya nyama vinavyokatwa na matabibu kutoka katika uvimbe wa wanyama. Wakaona kwamba tangu mwaka ule wa sheria saratani ya nyama za chini ya ngozi, iitwayo faibrosakoma, ilikuwa imeongezeka kwa paka kwa asilimia 61, na kwamba ongezeko hilo lilikuwa mahali pale pale ambapo matabibu huingiza sindano, baina ya mabega na kwenye mapaja. Pembeni mwa saratani hizo walikuta seli za kinga zilizokuwa zimemeza vumbi la rangi ya kijivu, na vumbi lilipopimwa likaonekana lina alumini ndani yake. Mwaka 1991 waliandika barua fupi katika jarida la chama cha matabibu wa wanyama wa Marekani, na kichwa cha barua ile kilikuwa swali.

Nawaomba wanafunzi waitafakari barua hiyo kuliko jambo lolote jingine nitakalosema leo. Watu wale hawakuwa maadui wa chanjo. Walikuwa sehemu ya taaluma iliyoitetea sheria ile na kupata riziki kwayo. Na ingekuwa rahisi kwao kukaa kimya kwa kuogopa kuwa umma utashikwa na taharuki na paka wataachwa bila ya kinga. Walichagua kuuliza hadharani, na kwa sababu waliuliza, wengine waliweza kupima. Mwaka 1993 Philip Kass na wenzake wa California walionyesha kwamba paka aliyedungwa chanjo moja baina ya mabega alikuwa na hatari ya kupata saratani pale iliyozidi kwa asilimia 50 ile ya paka asiyedungwa mahali hapo. Aliyedungwa mbili ilizidi kwa asilimia 127, na aliyedungwa tatu au nne kwa asilimia 175. Makadirio ya kwamba ni paka mmoja katika 10,000 au hata mmoja katika 1,000 yalitajwa Marekani, na ya Uingereza yalikuja kuwa chini zaidi. Ni wachache, naam. Lakini kwa yule mmoja maradhi ni mazito, kwani saratani hii hupeleka mizizi baina ya misuli, na ikikatwa pasipo kuchukua nyama nyingi iliyo salama kandokando yake hurudi.

Kwa nini paka, na si mbwa, ambaye hupatwa nayo kwa nadra mno? Dhana yenye nguvu ni kwamba mwili wa paka, ukichokozwa kwa muda mrefu mahali pamoja, seli zake zinazotengeneza makovu huweza kuasi utaratibu wao na kugeuka saratani; na dhana hiyo huungwa mkono na saratani inayofanana nayo ambayo humwotea paka ndani ya jicho miaka mingi baada ya kujeruhiwa. Ndiyo maana chanjo haistahili kubeba lawama peke yake: uvimbe huo umeonekana pia baada ya sindano za dawa nyingine, zikiwemo zile za kudumu muda mrefu mwilini.

Mwaka 1996 vyama vya matabibu wa wanyama wa Marekani viliunda jopo la kulichunguza jambo hili, na agizo lililotoka likawa la unyenyekevu: chanjo ya kichaa cha mbwa idungwe mguu wa nyuma wa kulia, chini kabisa iwezekanavyo, na ya lukemia mguu wa nyuma wa kushoto. Uzito wa agizo hilo ni huu, kwamba mguu waweza kukatwa na paka akaishi, bali nafasi iliyo baina ya mabega haikatiki. Miaka ilipopita, uchunguzi ulionyesha kuwa saratani baina ya mabega zimepungua na za miguu zimeongezeka, na nyingine zimetokea ubavuni, kwa kuwa paka akijikunyata sindano iliyokusudiwa mguu huishia tumboni. Mwaka 2014 watafiti wa Florida walionyesha kuwa hata mkia wafaa, na kinga hupatikana vizuri. Zikaja pia chanjo zisizo na kichochezi, na ikathibitika kwamba paka mzima aliyekwisha kukamilisha chanjo za utotoni hana haja ya kurudiwa kila mwaka chanjo ya ugonjwa wa panlukopenia. Miaka mitatu yatosha.

Asitoke mtu humu akisema kuwa nimewakataza watu kuchanja paka. Panlukopenia huua watoto wa paka kwa siku chache, na kichaa cha mbwa, dalili zake zikishadhihiri kwa mwanadamu, hakina tiba. Kila mwaka hukadiriwa kuua watu 59,000 duniani, wengi wao wakiwa wa Asia na Afrika. Mbwa ndiye mwenye kukieneza zaidi, lakini paka aliyeumwa na mbwa huyo huja kumuuma mtoto mlangoni. Kenya imejiwekea azma ya kukitokomeza ifikapo 2030, nayo haitimiziki ila kwa chanjo.

Basi nawaomba matabibu mambo mawili: mwandike katika kadi ya kila paka ni chanjo gani, ya fungu gani, na imedungwa mguu upi, na mumwambie mwenye paka ukweli kabla ya sindano. Nanyi wenye paka, pitisheni kidole mahali palipodungwa kila mara. Kinundu kidogo cha wiki za mwanzo si cha kuogopesha. Lakini kikidumu miezi mitatu, au kikizidi sentimita mbili, au kikiwa bado kinakua mwezi mmoja baada ya sindano, mrudisheni paka kwa tabibu siku hiyohiyo, na msikubali kikatwe chote kabla ya kipande chake kutazamwa kwa hadubini.