NGUVU YA KWENDA NA NGUVU YA KURUDI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Pap Onditi)



Sisi watu wa simu ya upepo tumeombwa tueleze habari ya wati 10 zilizosemwa kuwa zimepotea. Mwenzetu aliandikiwa barua ya onyo kwa ajili yake. Alipima waya wa eriali akaandika kitabuni, "Nguvu, wati 40." Siku ya pili fundi mwingine akatoa taarifa kwamba eriali inapokea 30. Mkubwa wao akauliza: 10 ziko wapi?

Kosa ni la neno. "Nguvu" peke yake haitoshi.

Mita ya Bird, ile namba 43, ina kipande cha mviringo chenye mshale. Mshale ukielekea eriali, unasoma nguvu ya kwenda. Ukiugeuza kuelekea mashine, unasoma nguvu ya kurudi. Mwenzetu aligeuza, akaona 10, lakini kitabu hakikuwa na mahali pa kuziandika. Toa 10 katika 40, zabaki 30. Hizo ndizo zilizopokewa.

Karani wa mizigo alijua hesabu hii tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901. Yakiondoka mabehewa 40, gatini yakapakuliwa 30, yatarudi 10 na mzigo wake. Hayakuibiwa. Kesho yataungwa na mapya 30, na treni itakuwa ya 40 tena. Ndivyo ilivyo katika waya: mashine ilitoa 30 tu, na zile 10 zilizorudi ziligeuka kwenda tena pamoja nazo. (Zinazopotea kweli ni zile zinazogeuka joto ndani ya waya, na waya ule ni mfupi.)

Mbona zirudi? Tazameni ziwa letu. Wimbi likipiga ukuta wa gati hurudi; likiingia katika mafunjo humalizikia humo. Eriali inayopatana na waya wake ni kama mafunjo. Ile yetu maji ya mvua yaliingia katika kiungo, ikawa ukuta.

Basi tunaomba kitabu kiwe na safu tatu: ya kwenda, ya kurudi, iliyopokewa. Na barua ile itolewe katika faili ya mwenzetu, maana kiungo kilipokaushwa na kufungwa upya, mita ilisoma kwenda 30, kurudi karibu hakuna.