Tamasha la Usiku Mmoja na Nyumba ya Kila Siku

Hotuba ya Mtunza Hazina wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, juma moja kabla ya tamasha la muziki la kuadhimisha miaka kumi ya chama



Nimeagizwa kusema machache juu ya jambo lililoleta maneno mengi katika mikutano yetu. Mkutano Mkuu uliamua ya kuwa sherehe ya miaka kumi ya chama chetu isiishe kwa pilau na hotuba tu, bali liwepo tamasha la muziki, yaani bendi ya dansi, kwaya na ngoma za vijiji vyetu. Na kwamba fedha zote zitakazobaki baada ya gharama zipelekwe kwenye nyumba salama, ile nyumba wanamopokelewa wanawake na watoto waliokimbia kupigwa majumbani mwao. Wengi walipiga makofi. Wengine walinyamaza, kisha wakanishika mlangoni wakaniuliza, "Bwana Mtunza Hazina, chama cha kahawa kina uhusiano gani na ugomvi wa mtu na mkewe?" Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Lakini kulijibu hakuna budi nianze kwa kosa langu mwenyewe.

Katika msimu wa pili wa chama chetu nilikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi. Mama mmoja alileta kahawa ya maganda mara tatu, kila mara gunia kichwani na mtoto mgongoni. Kadi ya uanachama ilikuwa na jina la mumewe, basi nikaandika kilo kwa jina hilo, kama kanuni ilivyotaka. Siku ya malipo mume alikuja, akatia sahihi, akapokea fedha, akaenda zake. Jioni yule mama akaja dirishani kwangu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kilo zangu zilikuwa ngapi?" Nami, huku nikifunga daftari, nikamjibu, "Mama, kamwulize mwenye kadi."

Alikwenda kumwuliza. Usiku ule mlinzi wa ghala alinigongea mlango. Nilipofika ghalani nilimkuta yule mama amekaa kizingitini na watoto wawili, uso umevimba, mkono mmoja haunyanyuki. Alikuwa ameuliza swali lile lile nililomtuma kuuliza. Tulifungua ghala, tukamtandikia magunia matupu, akalala humo na wanawe. Asubuhi wazee walikuja wakapatanisha, naye akarudi, maana hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Yaliyofuata katika maisha yake ni mambo yake, wala siyasimulii hapa. Ninachosema ni hiki: kwa usiku mmoja ghala la chama cha ushirika lilikuwa nyumba salama, na msiba uliompeleka pale ulianzia penye mizani yetu. Basi asiniambie mtu kwamba jambo hili halituhusu.

Mabibi na Mabwana, wako wanaosema kuwa nyumba za namna hii zavunja ndoa. Napenda wafikiri tena. Mtu akikimbia moto, hatumlaumu aliyemfungulia mlango. Wala sheria ya nchi yetu haikuacha jambo hili gizani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, yatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga, hata kama mila ingesema vingine. Katika mwaka huo huo wa 1971, mjini London, Bibi Erin Pizzey alifungua huko Chiswick nyumba ndogo iliyojulikana baadaye kuwa miongoni mwa nyumba za kwanza za kisasa za kuwahifadhi wanawake waliopigwa. Hapa kwetu twazijua nyumba salama za mkoa wa Mara, kama ile ya Masanga wilayani Tarime na ile ya Mugumu wilayani Serengeti, ambako wasichana hukimbilia wasikeketwe, hasa mwezi wa Desemba shule zikifungwa.

Wala tusidhani ya kuwa hao ni watu wachache wa mbali. Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 40 walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Ukumbi huu una viti vingi. Kila mmoja ahesabu safu aliyokaa.

Sasa nije kwenye tamasha lenyewe. Watu waliniambia, "Bendi ikija, watu watajaa, fedha zitapatikana, kazi imekwisha." Mimi ni mtu wa hesabu, na wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nitawapa mfano mmoja. Tarehe 1 Agosti 1971, mjini New York, George Harrison na Ravi Shankar walifanya tamasha kubwa kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh, nchi iliyokuwa katika vita baada ya kupigwa na kimbunga mwaka uliotangulia. Walipiga mara mbili siku moja mbele ya watu wapatao 40,000. Fedha za viingilio, kiasi cha dola 243,000 hivi, zilifikishwa kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto. Walakini fedha nyingi zaidi zilizotokana na sahani za santuri na filamu zilizuiliwa miaka mingi kwa maswali ya kodi, kwa kuwa waandaaji hawakuwa wametimiza mapema taratibu za kuandikisha kazi yao kuwa ya hisani. Nia yao ilikuwa njema na muziki wao ulisifiwa duniani kote. Makaratasi ndiyo yaliyochelewesha chakula cha mwenye njaa. Ikiwa jambo hilo liliwapata watu mashuhuri namna ile, sisi ni nani hata tujione salama?

Kwa sababu hiyo Halmashauri imekubali masharti haya. Kila tiketi itakuwa na namba na kishina, na hakuna atakayeingia bila tiketi, hata mimi, hata Bwana Mwenyekiti. Sanduku litafunguliwa usiku ule ule mbele ya watu watatu, mmoja wao akiwa mwanamke aliyechaguliwa na wanachama. Fedha zitapelekwa benki siku ya kwanza ya kazi. Malipo ya bendi, ukumbi, mafuta ya jenereta na chakula cha wapigaji yataandikwa moja moja pamoja na risiti zake. Hesabu nzima, ya mapato na ya matumizi, itabandikwa kwenye ubao wa kila chama cha msingi, kisha itawekwa mbele ya wakaguzi wetu pamoja na hesabu nyingine za mwaka.

Liko na sharti lingine, ambalo najua halikuwafurahisha baadhi yenu. Yalikuja maombi kwamba wanawake wawili watatu kutoka katika ile nyumba wapandishwe jukwaani, wasimulie yaliyowapata, ili watu waguswe mioyo na kutoa zaidi. Tulikataa. Mwanamke aliyekimbia usiku hakukimbia ili aje aonyeshwe mchana. Tena mtu aliyempiga aweza kuwa amekaa katika safu ya mbele na tiketi yake mkononi. Kwa sababu hiyo hiyo mahali ilipo nyumba hapatatangazwa, wala hapataandikwa katika kitabu hiki cha ukumbusho. Anayehitaji msaada atauliza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa ofisa wa ustawi wa jamii, naye ataelekezwa. Tukiwa wakarimu wa kutoa fedha, tuwe wakarimu wa kutunza siri pia.

Lakini hata tukipata fedha nyingi kuliko tunavyotumaini, tamasha ni la usiku mmoja. Nyumba ile hula kila siku. Niliomba kuona daftari lao la matumizi, wakanionyesha pasipo majina. Nilisoma humo unga, maharage, sabuni, mafuta ya taa umeme unapokatika, magodoro, kitasa kipya cha mlango, mshahara wa mlinzi wa usiku, nauli ya kwenda mahakamani na kurudi, na nauli tena kwa kuwa kesi iliahirishwa. Nilisoma sare za shule za watoto waliotoka nyumbani bila kitu. Nilisoma gharama za hospitali za mtu aliyefika na fomu ya polisi ya PF3 mkononi na mfupa uliovunjika. Haya hayangoji sherehe ya miaka kumi mingine.

Kwa hiyo naleta mambo mawili mbele yenu, nanyi mkayazungumze vijijini. La kwanza, kila chama cha msingi kiamue katika mkutano wake, kwa kura, kama kitatoa mchango wa kila msimu, uwe wa fedha au wa maharage na ndizi. Nasema kwa kura, maana najua uchungu wa mkulima juu ya makato, na makato yasiyokubaliwa na wenyewe si msaada. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kila haba itoke kwa hiari.

La pili halihitaji hata senti moja. Mtu yeyote atakayeleta kahawa penye mizani, awe mwenye kadi au asiwe, asomewe kilo zake kwa sauti na apewe karatasi yenye hesabu hiyo. Na pale mume na mke walimapo kibanja kimoja, tuwahimize waandikishwe wote wawili kuwa wanachama. Mahakama ya Rufani ilikwisha kukubali mwaka 1983, katika shauri la Bibi Hawa Mohamed, kwamba hata kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ikiwa kupika na kulea ni mchango, kubeba gunia kichwani mara tatu ni nini?

Ndugu wanachama, chama hiki kilianzishwa kwa kuwa mkulima mmoja mmoja alikuwa hawezi kumwuliza mnunuzi, "Kilo zangu ni ngapi, na bei yake ni nini?" bila kudharauliwa. Miaka kumi tumejivunia kwamba swali hilo sasa laulizwa bila hofu na kujibiwa kwa haki. Yule mama aliniuliza swali lilo hilo, nami nikamfukuza dirishani. Nikikata tiketi yangu juma lijalo nitajua kuwa silipi deni lote. Nitakuwa nimelipa fungu la kwanza tu. Nawaomba mje wote, mje na wake zenu na waume zenu, mcheze dansi kwa furaha, na mkiondoka mchukue vishina vyenu, ili hesabu itakapobandikwa muweze kutukagua.

 Ushirika wetu udumu.